Qi Baishi: seremala wa Hunan aliyeuanza uchoraji wake upya akikaribia miaka 60

Ndugu wanajukwaa,

Kwa muda mrefu nimetamani kuandika juu ya mchoraji wa China ambaye kazi zake zimenikaa moyoni kuliko za mchoraji mwingine yeyote wa karne ya 20. Naye ni Qi Baishi. Wengi wetu tumewahi kuiona picha yake bila kujua ni yake: kamba watano au sita wa wino mweusi wanaogelea juu ya karatasi nyeupe isiyochorwa hata tone moja la maji, na bado jicho linayaona maji. Mtu akiitazama hudhani ni kazi ya dakika chache ya mtu aliyezaliwa na kipaji. Dakika zilikuwa chache kweli, lakini mkono ulioichora ulisafiri miaka karibu 70 kabla ya kufika hapo, na safari yenyewe ilianzia karakana ya seremala. Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba Qi Baishi hakuuacha useremala siku aliposhika brashi. Aliuhamishia kwenye karatasi.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1864 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Xiangtan, jimbo la Hunan, kwenye familia ya wakulima masikini wa mpunga. Alikuwa mtoto mgonjwamgonjwa. Babu yake mzaa baba, ambaye mwenyewe alijua herufi chache tu, ndiye aliyemwanzisha kusoma: jioni wakiota moto, mzee alichukua koleo la jikoni akaandika herufi ya jina la mjukuu wake juu ya majivu, kisha akaifuta na kumtaka airudie. Shule aliiona kwa muda usiofika mwaka, kwa babu yake mzaa mama aliyekuwa mwalimu wa kijiji, na huko ndiko alikoanza kuchora kwa siri kwenye karatasi za daftari. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya mungu wa radi, aliyoinakili kutoka kwenye mlango wa jirani ambaye mkewe alikuwa amejifungua. Mavuno yalipoharibika, nguvu zake zikahitajika nyumbani, akawa mchunga ng'ombe na mkata kuni.

Nyanya yake alimvika shingoni kengele ndogo ya shaba, na ng'ombe naye akavikwa yake, ili jioni mama mzee akisimama mlangoni azisikie zikikaribia na kujua kwamba mtoto anarudi salama, ndipo akainjike chungu. Miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima mwenye jina, Qi alijichongea muhuri wenye maneno yanayomtaja kuwa mvaa kengele. Nauleta muhuri huo mapema kwa sababu karibu kila alichokichora uzeeni kilitoka katika miaka ile ya machungani: vyura, panzi, kereng'ende, kabichi, vifaranga, reki ya bustani, na hao kamba wa bwawa lililokuwa karibu na nyumba yao.

Kwa kuwa mwili wake haukustahimili jembe, wazazi walimpeleka kwa fundi akiwa kijana mdogo. Mafundi seremala wa huko walikuwa wa aina mbili, waliojenga nyumba na kutengeneza vitu vikubwa, na waliochonga nakshi kwenye vitanda vya maharusi na samani za wenye uwezo. Yeye aliingia kwa wale wa kwanza. Siku moja akitembea na fundi wake walikutana njiani na mafundi wengine watatu, na fundi wake akasogea pembeni, akaishusha mikono na kuwapisha kwa heshima kubwa. Kijana alishangaa, akauliza kwa nini awanyenyekee watu wa kazi ileile. Fundi alimjibu kwa ukali kwamba wale ni mafundi wa nakshi, na watu wa msumeno na boriti hawawezi kujilinganisha nao. Palepale kijana aliazimia moyoni kujifunza nakshi. Alipata mwalimu aliyeitwa Zhou Zhimei, bingwa wa kuchonga sanamu za watu kwa patasi bapa, naye akampenda mwanagenzi huyu kama mwanawe. Alipohitimu, vijiji vya jirani vilimjua kama Seremala Zhi, kutokana na jina lake la utotoni, Chunzhi.

Naendelea.

Tatizo la nakshi za wakati ule ni kwamba kila fundi alirudia michoro ileile aliyorithi: kikapu cha maua, qilin, yaani mnyama wa hadithi, anayeleta mtoto, na kadhalika. Mwaka 1882, akiwa kazini katika nyumba ya mteja, Qi alikutana na kitabu cha zamani cha mafunzo ya uchoraji ambacho wachoraji wa China walikitumia tangu karne ya 17. Kitabu chenyewe kilikuwa pungufu, juzuu moja haimo, na hakuwa na fedha za kununua chake. Alikiazima. Kila usiku baada ya kazi alikaa kwenye mwanga wa taa ya utomvu wa msonobari, akaweka karatasi nyembamba juu ya kila ukurasa na kuufuatisha, na baada ya nusu mwaka alikuwa na nakala yake mwenyewe aliyoijalidi kuwa vitabu 16. Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka, maana kabla ya hapo alichora kwa kubahatisha, kichwa kikiwa kikubwa na miguu mifupi, na sasa alikuwa na kanuni mkononi. Nakshi zake zilibadilika, wateja wakaongezeka, na watu wakaanza kumwomba awachoree picha za miungu.

Mwaka 1889 msomi wa huko aliyeitwa Hu Qinyuan aliziona kazi zake, akamwita na kumuuliza kama angependa kusoma. Kwa hesabu ya Kichina Qi alikuwa na miaka 27, ana mke na watoto, na alijibu kwamba umri umekwisha kupita na fedha hana. Hu alimkumbusha mwandishi wa kale aliyeanza kusoma kwa bidii akiwa na umri huohuo, akamwambia kwamba anaweza kulisha familia kwa kuuza picha. Huyu ndiye aliyempa jina la Huang, na lile la Baishi, yaani Jiwe Jeupe, lilitokana na kituo cha wasafiri kilichokuwa karibu na kwao. Qi aliweka patasi chini, akawa mchoraji wa sura za watu. Katika nchi ambayo picha za kamera zilikuwa hazijafika vijijini, kila familia yenye uwezo ilitaka sura ya mzazi aliye hai au aliyefariki. Alivumbua hata namna ya kuchora vazi jembamba la nje huku maua ya joho la ndani yakionekana kwa mbali, jambo lililowafurahisha sana wateja. Alichora pia wanawake warembo, hadi akabandikwa jina la Qi wa Warembo.

Kisha ukaja muhuri. Katika sanaa ya Kichina picha haijakamilika bila muhuri mwekundu wa mchoraji, na kuuchonga ni sanaa inayosimama peke yake. Qi alimuuliza rafiki yake wa ukoo wa Li afanyeje ili ajue kuchonga vizuri. Rafiki alimwambia akachukue mzigo mzima wa mawe kutoka bonde la jirani, achonge, asugue afute, achonge tena, na tope la mawe likijaza masanduku matatu au manne ya vitafunio, atakuwa amejua. Huenda rafiki alisema kwa utani, lakini Qi alitekeleza neno kwa neno, chumba kikawa tope kila pembe. Matokeo yake ni mtindo wake wa kusukuma kisu mara moja tu kwa kila mstari, kwenda bila kurudi, upande mmoja wa mstari ukabaki laini na mwingine ukameguka. Wasomi waliozoea kuchonga pande zote mbili kwa taratibu waliona ni ushenzi. Mimi naiona patasi ya Zhou Zhimei ndani ya kila mstari wa mihuri hiyo.

Mwaka 1899 alipokelewa kuwa mwanafunzi wa Wang Kaiyun, msomi mashuhuri wa Hunan, ambaye tayari alikuwa na wanafunzi wengine wawili waliotoka kwenye kazi za mikono, mmoja mfua vyuma na mwingine mfua shaba. Watu waliwaita mafundi watatu wa nyumba ya Wang.

Sehemu hii inayofuata ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Kati ya 1902 na 1909 Qi alisafiri mara tano na kurudi nyumbani mara tano, akaiona Xi'an, Beijing, Guilin, Guangzhou, Shanghai na kwingineko. Akiwa Xi'an ilitajwa nafasi ya kumpendekeza kuwa mchoraji wa ikulu ya Malkia Cixi, naye akaikwepa, kwa kuwa alichotamani ni kuuza picha, kuchonga mihuri na kurudi kwa wazazi wake. Safari hizo zilimpa milima na mito halisi badala ya ile ya vitabuni. Aliporudi mara ya tano alidhani amemaliza. Alinunua shamba, akapanda miti ya matunda, akajipanga kuzeeka kijijini.

Vita vya majeshi ya majimbo na ujambazi vilimng'oa huko. Mwaka 1917 alikimbilia Beijing, na mwaka 1919 akahamia moja kwa moja, akiwaacha nyuma wazazi wazee na mkewe Chen Chunjun ambaye hakutaka kuiacha nyumba. Beijing haikumpokea. Alichora kwa namna ya Bada Shanren, mtawa mchoraji wa karne ya 17, kwa wino mchache na picha zilizo kimya na baridi, na wanunuzi wa mji hawakuzitaka. Upepeo wa mkononi uliochorwa aliuuza kwa yuan 2 za fedha, nusu ya bei ya wenzake, na bado waliokuja kuuliza walikuwa wa kuhesabu. Wasomi walimbeza kwamba ni seremala anayejifanya mwana wa kalamu.

Mtu aliyemwona kwa jicho lingine alikuwa Chen Shizeng, mchoraji mwenye elimu ya kina aliyesomea Japani. Aliiona mihuri ya Qi kwenye duka moja la mtaa wa Liulichang, akamtafuta mpaka kwenye hekalu alikokuwa amepanga, akaitazama michoro yake na kumwambia ukweli ambao rafiki wa kweli pekee anaweza kuusema: kipaji kipo, ufundi upo, lakini bado unatembea kwenye nyayo za wengine. Alimhimiza achore kwa njia yake mwenyewe na asiinamishe kichwa ili afanane na kundi. Qi aliandika wakati huo kwamba amechora kwa makumi ya miaka bila kuridhika, kwamba tangu sasa ameamua kubadilika kabisa, na hata akifa njaa hapo mji mkuu, watu wasimhurumie.

Fikirini umri wake. Ni mtu wa miaka 55, mwenye wategemezi mjini na kijijini, ambaye picha zake za zamani zilimpatia angalau mkate, na anaamua kuuacha mtindo anaoujua ili atafute ambao haujui. Mabadiliko hayo yalichukua takriban miaka 10. Alitazama kazi za Wu Changshuo wa Shanghai, aliyetumia rangi nzito na mistari yenye nguvu ya maandishi ya mawe, kisha akapata jambo lake: maua mekundu yanayowaka, na majani ya wino mweusi mtupu. Rangi ya wakulima, ile ya karatasi za sikukuu na vitambaa vya harusi za kijijini, aliiketisha pamoja na wino wa wasomi. Halafu akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Pembeni ya majani yaliyochorwa kwa mapigo makubwa ya brashi alimweka panzi au nyenze mmoja aliyechorwa kwa uangalifu kiasi kwamba mishipa ya mbawa inahesabika. Kwangu mimi, wale mafundi wa aina mbili waliokutana barabarani Hunan, wa boriti na wa nakshi, wamekutana tena kwenye karatasi moja, na safari hii hakuna anayempisha mwenzake.

Mwaka 1922 Chen Shizeng alizichukua picha za Qi kwenda nazo Tokyo, kwenye maonyesho ya pamoja ya wachoraji wa China na Japani. Zote ziliuzwa. Picha za maua zilipata yuan 100 kila moja, na mandhari ya milima kwenye karatasi ya futi 2 ikapata yuan 250. Beijing iliyokuwa ikilalamikia yuan 2 ilianza kupiga hodi. Chen alifariki mwaka uliofuata, kabla ya uzee, na Qi hakuacha kusema kwamba bila yeye asingefika popote.

Nimeona swali la ndugu mmoja: je, mtu huyu ni wa kisasa kweli, au ni wa kale aliyeishi zama zetu?

Swali ni zuri, na linatokana na mazoea ya kuhesabu usasa kwa safari ya Paris. Mchoraji Xu Beihong alisoma Ufaransa, mwenzake Lin Fengmian vilevile, na wote wawili walirudi wakitaka kuifufua sanaa ya China kwa elimu waliyoipata huko. Lakini ni hao hao, mmoja baada ya mwingine, wakiwa wakuu wa chuo cha sanaa cha Beijing miaka ya 1920, walimwendea seremala ambaye hakuwahi kukanyaga Ulaya wakamsihi aje kufundisha. Mwanzoni alikataa kwa hofu ya kudharauliwa na wanafunzi wasomi. Xu Beihong hakukata tamaa mpaka mzee akakubali. Naamini walikiona kile kile walichokiona Ulaya: mtu aliyethubutu kuondoa.

Chukueni kamba. Miaka ya mwanzo aliwachora kwa kufuata mabwana wa zamani. Beijing aliwafuga kwenye chombo cha maji juu ya meza, akawagusa kwa ncha ya brashi ili waruke, na kwa muda wakawa sahihi mno, kila mguu mahali pake, lakini wakakosa uhai. Hapo akaanza kupunguza. Miguu ilishuka kutoka 10 hadi 8, na uzeeni ikabaki mitano au sita. Macho yaliyokuwa nukta yakawa vistari viwili vinavyotazama pande zote. Kichwani, wino mwepesi ukiwa bado mbichi, alidondosha pigo moja la wino mzito, na kwa kuwa karatasi ya Kichina hunywa wino papo hapo, pigo hilo lilisambaa kidogo kandokando, na ganda likaonekana la kupenyeza mwanga. Nimejaribu mwenyewe kwa brashi na wino, na ninaweza kushuhudia kwamba ukichelewa pumzi moja kichwa kinakuwa kikavu kama punje ya pilipili manga, na ukiwahi pumzi moja kamba mzima anageuka doa. Hakuna kufuta. Ni kisu kile kile cha muhuri, kwenda bila kurudi.

Mwenyewe alieleza kwamba uzuri wa picha uko kati ya kufanana na kutofanana: ikifanana mno inawabembeleza watu, na isipofanana kabisa inawadanganya. Mwanafunzi aliyemwiga, Qi alimwonya kwamba ajifunzaye kwake ataishi, na ajifananishaye naye atakufa.

Mwingine ameuliza aliishije wakati Wajapani walipoikalia Beijing.

Aliishi kwa kufunga mlango. Mwaka 1937, wakati huo mji ukiitwa Beiping, aliacha kufundisha. Alibandika mlangoni matangazo, moja likisema ni mgonjwa na hapokei wageni, jingine likiwaambia maofisa wanaotaka picha watume wawakilishi, kwa sababu ofisa akiingia nyumba ya raia, mwenye nyumba hapati heri. Mwaka 1944 chuo cha sanaa kilichokuwa chini ya wavamizi kilimtengea mgawo wa makaa ya mawe, kitu adimu, naye akaurudisha. Alichora kaa akaandika pembeni kwamba mwaka jana aliwaona wengi na mwaka huu amewaona wachache. Alichora panya waliotafuna matunda na mtama wa mwenye nyumba, huku mshumaa ukikaribia kwisha na alfajiri ikikaribia. Kila aliyesoma alielewa panya ni akina nani.

Mwaka huohuo wa 1937 alijiongezea umri. Mpiga ramli alikuwa amemtahadharisha kwamba mwaka wake wa 75 ungekuwa na mkosi, kwa hiyo akaruka moja kwa moja hadi 77, na tangu hapo saini zake zote zina miaka miwili ya ziada. Ukikuta hesabu ya umri haiwiani na mwaka wa picha, sababu ni hiyo.

Baada ya 1949 serikali mpya ilimheshimu sana. Mwaka 1953 alipewa cheo cha Msanii wa Umma na kuchaguliwa mwenyekiti wa chama cha wachoraji wa China, na mwaka 1956 akakabidhiwa tuzo ya Baraza la Amani la Dunia. Aliendelea kuchora karibu kila siku. Mwaka 1957, mwaka wake wa mwisho, alichora ua la peoni ambalo maua na majani yake yamechanganyika kwa rangi mbichi, kana kwamba upepo umelipiga, bila mstari wa kuzuia chochote. Alifariki tarehe 16 Septemba 1957. Miaka 60 baadaye, Desemba 2017, mandhari zake 12 za mwaka 1925, zilizochorwa katikati ya mabadiliko yale, ziliuzwa mnadani Beijing kwa yuan milioni 931.5.

Kwa aliyeuliza aanze na picha ipi.

Anza na ile ya mwaka 1951. Mwandishi Lao She alimpa mstari wa shairi la zamani unaosema kwamba sauti ya vyura yatoka kwenye chemchemi ya mlimani ikisikika li kumi, yaani kilomita kama tano, akamwomba auchore. Sauti haichoreki. Mzee alifikiri kwa siku kadhaa. Kisha akachukua karatasi nyembamba ndefu, akasimamisha miamba myeusi pande mbili, akaacha maji yateremke kati yake kwa mistari michache, na ndani ya maji akaweka viluwiluwi sita, kila kimoja nukta ya wino na mkia uliopinda kwa mkondo. Chura hata mmoja hayumo. Saini yake inasema mchoraji ana miaka 91, ile miwili ya kukwepa mkosi ikiwemo.